Mdogo wangu, ule mkanda haukufutika wote

Mdogo wangu,

Najua habari za mikanda huzipendi. Juzi nimekutumia picha ya lile sanduku la bati la Bibi ukanijibu "poa dada" halafu ukaanza kuniuliza habari za mvua. Leo nakuomba usikwepe, soma mpaka chini. Na nimeamua kuiandika hapa hadharani kwa sababu lile neno ulilotupiwa 2006, kwamba umefuta mkanda wa video wa marehemu Bibi, ulitupiwa hadharani pia, kwenye arobaini yake, baraza imejaa watu, kwa hiyo na hili nalo watu walisome.

Hukuufuta mkanda wa Bibi. Yaani ulifuta kipande, ndiyo, sitakudanganya. Lakini Bibi yupo. Nimemuona jana saa kumi na moja jioni, anakuna nazi, anaongea, na anakuulizia wewe.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa maana najua utataka kujua nimeipataje wakati wote tulishaamua kwamba hakuna kitu.

Unakumbuka baada ya arobaini mjomba aliunganisha kamera kwenye tivii, tukakaa wote sebuleni kumuangalia Bibi kwenye mkesha wa harusi ya mama mdogo, na badala ya mkesha ukatokea mpira wenu wa pale barabarani, Ngamiani, wewe na wale watoto wa jirani, dakika tisa hivi, halafu giza. Mjomba akapeleka mbele kidogo, giza. Akapeleka tena, giza. Akazima akasema basi, mtoto kashafuta, ndo imetoka hiyo. Wewe ukatoka nje na hukurudi ndani mpaka usiku, nakumbuka chakula chako kilipoa kwenye kawa na hakuna aliyekwenda kukuita, hata mimi, na hilo mpaka leo linaniuma.

Miaka ile ya nyuma niliwahi kuupeleka mkanda kwa fundi mmoja anayehamisha video, sikukuambia. Akanipa DVD ya dakika tisa. Kasema mkanda unaishia hapo, kwingine kutupu. Nikaamini, nikalipa, nikarudi nyumbani. Sasa nimeelewa kwamba alichofanya ni kilekile cha mjomba, kafika kwenye giza akazima.

Mwaka huu nikasema nafanya mwenyewe. Kamera ya mjomba ile Sony aliyokuja nayo kutoka Muscat bado nzima, betri ndo limekufa kabisa ila adapta yake ipo na ukichomeka umeme inawaka. Kazi ilikuwa waya. Kamera ina tundu la USB nikadhani mambo rahisi, kumbe kwenye hii yetu lile ni la picha za mnato za kwenye memori kadi, video ya mkanda inatokea kwenye kitundu kingine kidogo kimeandikwa DV, na waya wake unaitwa FireWire, kichwa kidogo upande wa kamera kikubwa upande wa kompyuta. Laptop za siku hizi hazina hilo tundu. Nimezunguka Tanga nzima, mwishowe kuna kijana fundi kompyuta pale Makorora alikuwa na desktop ya zamani imelala stoo na ndani ina kadi yake, kaniuzia na waya juu. Mtu akikwambia tumia ule waya wa njano na nyeupe na nyekundu usikubali kama mkanda ni MiniDV, yaani hii midogo ya kamera kama huu wetu. Huu mkanda picha yake imeshaandikwa kwa namba tangu siku inarekodiwa, FireWire inazinakili namba zilezile jinsi zilivyo, ule wa njano unazigeuza kuwa mawimbi halafu kompyuta inazigeuza tena kuwa namba, na kila ukigeuza unapoteza.

Halafu haina haraka. Mkanda wa saa moja unakula saa moja, lazima ucheze wote. Na unajaza diski, saa moja ni kama GB 13. Kabla ya kuucheza nikaupeleka mbele mpaka mwisho na kuurudisha mara moja ili ujilegeze, maana umekaa miaka umejibana palepale. Nilikuwa na hofu na ukungu, unajua hewa yetu ya pwani, kuna mikanda miwili ya shangazi niliifungua nikakuta unga mweupe pembeni mwa utepe, hiyo sijathubutu hata kuiingiza. Kile kichwa cha kamera kinazunguka mara 9,000 kwa dakika na utepe wenyewe upana wake hata milimita saba haufiki, ukungu ukigusa pale umeharibu na kamera. Huu wa Bibi ulikuwa safi. Nadhani ni kwa sababu ulikuwa umefungwa ndani ya kanga zake katikati ya sanduku.

Programu niliyotumia inaitwa WinDV, ni ndogo na ya bure. Ina tabia moja ambayo ndiyo iliyotuokoa. Kamera hizi kila zikirekodi zinaandika tarehe na saa ndani ya mkanda hata kama kwenye kioo huioni, na hii programu ikiona tarehe imeruka inakata pale, inaanza faili nyingine na kuipa jina kwa tarehe hiyo. Mimi nilibonyeza nikaona mpira wenu unaanza, nikajua ndo hizo dakika tisa, nikaenda kuswali na kuinjika wali. Nikaacha inacheza tu.

Kurudi nakuta faili mbili.

Ya kwanza ina tarehe 17/4/2004, ndo ya kwako. Ya pili ina tarehe 26/12/2003. Nikasimama pale na mwiko mkononi. Tarehe imerudi nyuma, mdogo wangu. Desemba 2003 ni mkesha.

Ilivyokuwa ni hivi. Ulirudisha mkanda mwanzo, ukarekodi mpira, halafu ukaitia kamera kwenye begi bila kuizima. Ikaendelea kurekodi giza la begi mpaka chaji ikaisha, dakika ya 31. Chini ya hapo hukugusa kitu! Sisi wote tuliokaa sebuleni pale tulizima njiani, hakuna aliyekuwa na subira ya kuvuka lile giza. Tungekaa dakika 22 tu.

Nimelisikiliza lile giza lote, maana sauti ilikuwa inaingia. Mnasikika mnagombania penalti, begi linasugua, adhana ya alasiri inatoka mbali, mtu anakuita jina mara tatu nadhani ni mama. Nimeliweka pia, sikulikata.

Halafu picha inakatika vipandevipande kama vigae sekunde mbili tatu, na ghafla ni uani kwetu, kweupe, jua la saa kumi.

Bibi kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kajifunga kanga ile ya zambarau. Mjomba ndo kashika kamera. Bibi anamuuliza, "Hiyo inanasa na sauti?" Mjomba anasema ndiyo. Basi Bibi akakohoa kidogo akajiweka sawa, akaanza. Anaeleza alivyotoka Pangani na mama yake kwa jahazi, walivyofikia kwa watu wa mkonge, babu alivyokuwa anakata mkonge, miiba ilivyomchoma mikono mpaka usiku anapakwa mafuta ya nazi ndo alale. Anataja watoto wake mmoja mmoja, na wale wawili waliokufa wadogo anawataja kwa majina, mimi nilikuwa siwajui hata majina, mama mwenyewe nilipomsomea kalia. Wakati wote huo mikono haisimami, anakuna tu, kifuu kikiisha anachukua kingine bila kuangalia.

Dakika kama ya kumi hivi akageuka akasema, "Mume wangu yuko wapi? Mume wangu kala huyo?" Watu wakacheka. Ukaitwa. Ukaja mbio umevaa ile fulana ya mjomba inakufika magotini, akakutia nazi mdomoni kwa vidole vyake, akakufuta kidevu kwa pindo la kanga, akasema nenda kacheze usiende juani. Ukaenda.

Nimeirudia hiyo mara sita.

Sasa sikiliza na hili. Mgongoni mwa kila mkanda wa MiniDV kuna kipande kidogo cha plastiki cha kusukuma, upande mmoja kimeandikwa REC na upande mwingine SAVE. Ukikisukuma kwenye SAVE, kamera inakataa kurekodi juu yake. Mtu anatakiwa akisukume siku hiyohiyo akimaliza kurekodi kitu cha maana. Cha huu mkanda kipo kwenye REC mpaka jana, nimekisukuma mimi. Mkesha ule nyumba nzima ilikuwa na watu wazima, mwenye kamera alikuwa mtu mzima, na hakuna aliyekigusa. Wewe ulikuwa na miaka 11. Kamera umeikuta mezani na mkanda ndani. Miaka yote hii umebeba kitu ambacho kilikuwa cha watu wazima kukibeba, na nimemwambia mjomba hivyohivyo kwa simu jana usiku. Alinyamaza muda mrefu. Kasema atakupigia, akikupigia tafadhali pokea.

Zile dakika 31 za mwanzo zimekwenda kweli, wageni wa Pangani wakiingia, na nadhani na mama akicheza. Kilichoandikwa juu yake hakirudi, nimeuliza mafundi. Lakini 28 zipo.

Na tusikae tena. Mwaka 2020 UNESCO na IASA, hao wanaojumuisha wahifadhi wa sauti na picha duniani, walitoa ripoti kwamba ikifika karibu 2025 kucheza mikanda ya sumaku itakuwa shida kila mahali, kwa sababu mashine zinakufa na vipuri hakuna, na ndo tupo humo. Deki zenyewe za ile mikanda mikubwa ya VHS, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha 2016. Ule mkanda mkubwa wa harusi ya mama upo Mombasa kwa shangazi, nataka kuufuata kabla ya Ramadhani, kama unajua mtu huko uliko mwenye deki nzima niambie.

Faili halisi nimeziweka kwenye diski mbili, moja kwangu moja kwa mama, na nakala nyepesi nimeipandisha Google Drive, linki nimekutumia kwa meseji. Usiombe niitume WhatsApp, inabana mpaka uso wa Bibi unakuwa kama umepakwa rangi. Kwenye hiyo nakala nyepesi nimeondoa ile mistari kama meno ya kitana inayotokea mtu akisogea, ila faili halisi sijaigusa.

Fungua ya pili, ya 2003. Vaa hedifoni kwa sababu kuna mtu anatwanga pembeni na Bibi anaongea taratibu. Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku wa manane mimi niko macho.

Dada yako