Deni la mfereji lisianze kabla ya mavuno

Mhariri,

Naandika kuhusu mikataba ambayo serikali hugharamia miradi ya umwagiliaji kisha wakulima hurejesha fedha. Kosa kubwa huwa kwenye tarehe. Marejesho huanza bwawa likikamilika, ilhali mifereji midogo haijachimbwa na mashamba hayajasawazishwa. Mkulima anadaiwa kabla hajavuna.

Marekani ililipia somo hili. Sheria yake ya umwagiliaji ya 1902 iliwapa wakulima miaka 10 kulipa gharama za ujenzi, bila riba. Wengi walishindwa, mwaka 1914 muda ukawa miaka 20, na mwaka 1926 ukafika 40. Sheria ya 1939 ikaruhusu jambo ambalo kwangu ni bora kuliko muda mrefu: kipindi cha maandalizi kisichozidi miaka 10 kabla ya kuanza kulipa deni la ujenzi.

Mikataba mipya iweke kipindi hicho. Ada ya uendeshaji na matengenezo itenganishwe na deni, ilipwe tangu maji yanapoanza kutiririka, maana tope halingoji kujaa mferejini. Awamu ya malipo ya mwaka nayo ipungue pale kipimo cha maji kwenye lango la mfereji kinapoonyesha maji pungufu kuliko yaliyoahidiwa.

Mdau wa umwagiliaji