Kasuku Wako Hana Wazimu, Hana Kazi

Mama mmoja wa Ujiji alitufikia dukani kwetu Mwanga, Kigoma, tunakotengeneza vizimba vya ndege, na kasuku wa kijivu, kizimba kimefunikwa kanga na kufungwa kamba nyuma ya bodaboda. Shida yenyewe: kila jioni ndege anakohoa kikohozi cha babu. Babu alishafariki. Akimaliza kukohoa anapiga hodi, kisha anajijibu mwenyewe, "Karibu, pita ndani," kwa sauti ileile ya mzee. Watoto walikuwa wamehama chumba, na jirani alishashauri kisomo.

Tulimwambia mama hakuna mzimu hapo. Kasuku porini anaishi kundini, na kundi hushikana kwa kuitana. Ukimweka nyumbani peke yake, kundi lake ni ninyi, kwa hiyo anajifunza sauti zinazowaleta watu karibu. Ndiyo maana mlio wa simu anaushika upesi kuliko maneno matamu unayomfundisha kwa mwezi mzima: simu ikilia, mtu anatoka jikoni mbio. Ukimwambia "kasuku mzuri", hakuna anayekimbia. Mzee akikohoa, mtu alimpelekea maji. Ndege aliliona hilo kila siku, akalihifadhi. Na kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi akitunzwa vizuri, kwa hiyo sauti za nyumba anazibeba kuliko albamu ya picha. Mama alinyamaza kidogo, akauliza kama kuna namna ya kumfanya asisahau.

Tulimwomba tu amhamishe kutoka ukumbi wa nyuma alikokuwa peke yake, akae sebuleni jioni. Mwenye upweke ndiye anayeita sana.

Malalamiko mengi tunayoletewa hapa Mwanga yako hivyo. "Anamwaga chakula." "Anapindua bakuli, nikiliokota anapindua tena huku ananiangalia." Huo ni mchezo, na wewe umeshaingia ndani yake. Anachezea kuokota kwako. Porini siku nzima inamwishia akiruka, akitafuta na kupasua. Kizimbani anapewa mtama ndani ya bakuli, dakika kumi kamaliza, halafu kuna saa kumi na moja za mwanga zimebaki. Wewe ungefanya nini?

Mpe kazi. Gunzi la mahindi lililofichwa karanga chache zisizo na chumvi, boksi la karatasi lililokunjwa, kamba ya katani yenye mafundo. Sisi wa Kigoma tuna bahati ya chikichi: kasuku wa kijivu huzila hata porini, na kulimenya tunda moja ni kazi ya kutosha kumtuliza. Moja, si shada zima, mafuta yake ni mengi. Parachichi usimpe hata kidogo, ingawa mti umejaa uani. Lina sumu inayoua ndege. Dagaa wa chumvi pia muachie paka.

Wenye vikasuku vidogo vya kijani vyenye uso wa rangi ya chungwa, wale ambao kwao asili ni upande wa Nzega hadi Serengeti, hulalamika kuhusu karatasi. Jike anachana gazeti vipande virefu vyembamba, sawasawa kama bibi anayechana ukindu, kisha anavibeba mdomoni. Anaandaa kiota. Mpe karatasi isiyo na wino mwingi, daftari la mtoto ulifiche.

Kuna na hili la kucheua. Kasuku anakuja begani, anatikisa kichwa juu na chini, anakutemea chakula kilicholowa. Wateja hukimbilia kusema anatapika. Huwa anakulisha, kama anavyomlisha mwenzi wake. Pokea heshima yako na ubadilishe shati. Anayetapika kwa ugonjwa anarusha huku na huku hadi manyoya ya kichwani yanagandana, wala hachagui wa kumtemea. Kusaga mdomo usiku wakati wa kusinzia ni raha tu. Kuning'inia kichwa chini pia, vidole vyake viwili viko mbele na viwili nyuma, vinashika kama koleo.

Yasiyo mchezo ni haya: amejivimbisha manyoya mchana kutwa, amekaa sakafuni mwa kizimba, mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, au anajing'oa manyoya kifuani. Ndege huficha ugonjwa mpaka umemzidi, kwa hiyo ukiyaona usingoje kesho. Nenda kwa daktari wa mifugo, usije kwetu. Sisi ni mafundi.

Na kwa ufundi wenyewe: wavu mpya wa mabati unaong'aa una zinki, ambayo ni sumu kwa ndege, na kasuku anatafuna kila kitu. Kizimba cha kuku kilichogeuzwa cha kasuku kinamdhuru polepole. Tunatengeneza vya nondo nyembamba au chuma cha pua kwa oda, bakuli limefungwa kwa skrubu, komeo la aina mbili, maana la aina moja analifungua ndani ya wiki. Usikitundike jikoni. Moshi wa mkaa haumfai, na kikaango kisichoshika chakula kikiungua hutoa hewa inayoweza kumuua.

Kasuku wenyewe hatuuzi. Wa kijivu yumo kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, na kufuga mnyamapori nchini kunataka kibali kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Yule mama wa Ujiji alikuja na karatasi zake. Anayekuja na kinda lililovushwa ziwani usiku kutoka ng'ambo, hapa hatapata hata komeo.

Tunalaza ndege pia, mkisafiri kwa treni au meli: shilingi 2,000 kwa siku, chakula mje nacho, pamoja na kitambaa anachofunikwa usiku. Mtuandikie na maneno anayoyajua. Mwezi uliopita mgeni wetu mmoja alituita "Fundi, mteja!" asubuhi nzima, tukawa tunatoka nje mmoja mmoja.