Injini ya gari la marehemu baba: niiseti mwenyewe au nimpe fundi wa Dar?

Mzee wetu wa safu hii, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, mkazi wa Chumbageni hapa Tanga, nina miaka 33, mke na watoto wawili. Kazi yangu ni ufundi wa magari, niliyofundishwa na mjomba wangu mwenye gereji Ngamiani. Nakuandikia kwa sababu nimefika mahali ambapo ufundi wangu mwenyewe haunipi jibu.

Baba yangu alikuwa dereva wa teksi. Gari lake la mwisho lilikuwa Toyota Mark II, GX110, na alipofariki niliachiwa mimi. Injini yake ya 1G ilikuwa imechoka, inakula oili na kutoa moshi wa buluu kila asubuhi. Badala ya kuishusha na kubadilisha ringi, nilidunduliza miaka mitatu, nikanunua Dar injini ya 1JZ-GTE pamoja na giaboksi yake ya R154. Ni injini ya turbo, yaani yenye feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia hewa zaidi ndani, silinda 6, cc 2,491, na ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 280. Kadi ya gari nilishairekebisha TRA, hilo lisikutie shaka.

Ningeiacha hivyo ilivyotoka Japani, nisingekusumbua. Lakini turbo yake ya asili ina feni ya kauri upande wa ekzosi, na ukiipandishia presha feni hiyo hupasuka. Nikaweka turbo kubwa zaidi yenye feni ya chuma. Hewa ilipoongezeka ikataka mafuta, kwa hiyo nikatoa nozeli za cc 380 kwa dakika nikaweka za 550, na pampu mpya. Baada ya hapo kontro boksi ya kiwandani, yaani kompyuta inayoamua mafuta na moto wa plagi, ikawa haiijui tena injini yake, ikabidi nifunge ile ya kupangwa kwa laptop. Gari linawaka, silensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) imetulia, naliendesha taratibu hadi Raskazone na kurudi. Ila sijathubutu kulikanyaga. Kuanzia pale turbo inapoanza kusukuma, namba zilizomo ndani ya boksi ni za kukisia tu.

Mjomba anasema niziseti mwenyewe. "Nimekufundisha kazi, halafu unampelekea mtu gari?" Hayo ndiyo maneno yake, na yameniingia. Huyu ni mtu ambaye nilimwona nikiwa mtoto akiseti Peugeot 504 kwa sikio. Alikuwa anazungusha distribyuta kidogo kidogo, anatoka nalo barabarani, akisikia injini inagonga kwenye mlima anarudi nyuma nywele moja, basi, kazi imekwisha. Hakuna gari lililorudi. Namheshimu kwa hilo hadi kesho.

Lakini ile Peugeot haikuwa na turbo, na ilikuwa inasamehe. Hii haisamehi. Petroli huungua sawasawa kwa uzito wa hewa 14.7 kwa mafuta 1, lakini turbo ikishasukuma, unatakiwa uongeze mafuta hadi karibu hewa 11.8 kwa 1 ili kupoza chumba cha moto. Mafuta yakipungua hapo, joto linapanda. Taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ikiwa mbele mno, mchanganyiko unajilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na pistoni ndiyo inayopigwa. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 50 kwa sekunde moja. Ekzosi inaunguruma, upepo unavuma dirishani. Sikio lolote, hata la mjomba, litakuta madhara yameshatokea. Na injini hizi zilikusudiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao okteni yake (uwezo wa kutojilipukia) haipungui 96. Mimi najaza ninachokikuta kituoni, na hewa ninayoivuta ni ya joto la pwani. Ramani ya mtu wa ng'ambo, yaani namba za ndani ya boksi lake, siwezi kuinakili tu.

Nimeyaona kwa macho yangu. Rafiki yangu wa Pongwe aliseti gari lake mwenyewe mwaka jana, akitegemea ile sensa ya kawaida ya ekzosi. Sensa hiyo husema kweli karibu na 14.7 tu; nje ya hapo inakwambia mafuta ni mengi au machache, haikwambii kwa kiasi gani. Gari lilikwenda vizuri wiki mbili. Tulipoishusha injini, pistoni moja ilikuwa na tundu ambalo kidole changu kilipita. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikalifunika Mark II turubai, nikakaa nalo kimya.

Ungedhani basi jibu ni Dar. Jamaa mwingine hapa mjini alikwenda huko, akalipa, akarudi na karatasi inayoonyesha farasi wake wote. Kumbe aliyemsetia alishughulikia kukanyaga hadi mwisho tu. Gari likishapata moto mchana, ukilizima dukani haliwaki mpaka lipoe. Kulirekebisha ni safari ya kilomita 350 hivi, na boksi limefungwa kwa neno la siri, hata mimi niliyetaka kumsaidia sikuweza kuingia. Amelipia kitu ambacho si chake. Jambo hili linaniuma kuliko hata ile pistoni, kwa sababu pistoni ni ajali, lakini hili mtu alilifanya makusudi.

Fundi niliyempata mimi ana mashine ya kupimia nguvu, ile ambayo gari linakimbia palepale juu ya magurudumu ya chuma. Anataka milioni 1 na nusu kwa siku moja, na gari nilifikishe likiwa halivuji popote, plagi mpya, klachi haitelezi. Klachi ikiteleza, siku imeisha na pesa hairudi. Mimi nimeshanunua sensa pana, inayoonyesha kiasi chenyewe cha hewa na mafuta, na geji yake kwa laki 5 na nusu. Laptop ninayo. Nimesoma usiku mwingi, na sehemu za chini nazimudu: kuwaka asubuhi, silensa, mwendo wa taratibu mjini. Kinachonishinda ni taimingi ya juu. Kwenye mashine unaongeza taimingi, unaona nguvu inapanda, unafika mahali haipandi tena, unaacha hapohapo. Barabarani huoni hilo. Unaweza kuendelea kuongeza kitu kisichokupa chochote, huku unaisogelea hatari.

Na barabara yenyewe ni ipi? Kusetia barabarani maana yake nikanyage gia ya tatu au ya nne hadi mwisho, tena na tena, mdogo wangu kando yangu akitazama laptop. Kutoka hapa kwenda Muheza kuna mabasi, malori, bodaboda, na vijiji vya kilomita 50 kwa saa ambako watoto wanavuka wakitoka shule. Nimeipita mara nyingi nikitafuta kipande kinachofaa. Sijakipata. Baba aliendesha teksi maisha yake yote bila kumgusa mtu. Sitaki gari lake ndilo lije kumgusa.

Mama watoto hana ubishi na lolote kati ya haya. Anachosema ni kimoja, kwamba ada ya Januari isiguswe. Ana haki, na haitaguswa.

Nimefikiria njia ya kati: sehemu za chini nizimalize mwenyewe hapa nyumbani, nipunguze presha ya turbo hadi ya kiwandani mpaka pesa itimie, kisha niende Dar kwa siku ile moja kwa ajili ya sehemu ya juu pekee, kwa sharti kwamba boksi libaki wazi na nakala ya ramani niondoke nayo. Je, kwa uzoefu wako fundi wa heshima hukubali sharti hilo, au ataona simwamini? Na je, hukubali kumalizia kazi iliyoanzwa na mwingine, au watataka kufuta yote waanze upya?

La pili ni mjomba. Sitaki asikie kwa watu kwamba gari nimelipeleka. Nimewaza nimwombe tusafiri pamoja, asimame pale kwenye mashine, aitazame namba inavyopanda na kukoma, kwa kuwa naamini ataielewa upesi kuliko mimi. Lakini naogopa kwamba kumsimamisha mzee wa miaka 68 pembeni ya kijana mwenye laptop kutamdhalilisha. Unanishauri nimwambie vipi, na nimwambie kabla sijamjibu fundi wa Dar au baada? Fundi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Wako mtiifu,
Fundi wa Chumbageni, Tanga