Barua ya wazi kwa wanangu mnaosomea utangazaji wa michezo

Wanangu mlioko vyuoni Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, Zanzibar na kwingineko,

Nawaandikia kwa sababu nawasikiliza. Nimestaafu, redio iko pembeni yangu tangu asubuhi, na baadhi yenu mmeshaanza kusikika kwenye vituo vya mikoani hata kabla hamjavaa joho. Sauti mnazo. Uchangamfu mnao kutushinda sisi wa zamani. Linaloninyima raha ni moja: mechi inatangazwa dakika 90, naizima redio na sijui mpira ulichezwa upande gani wa uwanja.

Juzi nilisikia hivi: "Anakwenda, anakwenda, anakwenda huyo! Hatari! Hatari! Aisee, huyu jamaa ni balaa!" Zikafuata kelele za mashabiki, kisha tangazo la kubeti. Nani alikuwa anakwenda? Wapi? Kipa alidaka au mpira ulipaa? Sikuambiwa. Sasa sikilizeni hivi: "Winga ya kulia, hatua 10 kutoka kibendera cha kona, beki wa kushoto yuko mbele yake. Anampita kwa nje. Krosi ya chini, kipa anauwahi mpira miguuni mwa mshambuliaji. Bado moja bila, dakika ya 63." Hapo hata mama anayesonga ugali jikoni ameuona mpira.

Kazi yetu ilianza kwa kumfikiria mtu asiyeona. Januari 1927 BBC ilipotangaza raga kati ya Uingereza na Wales, inasimuliwa kwamba mtangazaji, Teddy Wakelam, alikalishwa karibu na kipofu na kuambiwa amsimulie yeye. Wiki moja baadaye, tarehe 22, ikaja zamu ya soka, Arsenal na Sheffield United. Gazeti la ratiba za redio lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa visanduku 8, na mtu wa pili alikuwa akitaja namba ya kisanduku mpira ulipo, ili aliye nyumbani afuate kwa kidole. Karibu miaka 100 imepita, tuna kamera kila kona, lakini dereva wa lori, mlinzi wa usiku na mvuvi aliye ziwani bado wanaisubiri sauti yenu iwaonyeshe.

Kwa hiyo jifunzieni redio kwanza, hata kama ndoto yenu ni televisheni. Anayeweza kuifanya mechi ionekane redioni atajua pa kunyamaza akiwa na picha. Mazoezi yake hayana gharama. Nendeni kwenye mechi ya mchangani mtaani kwenu, simameni pembeni, rekodini kwa simu kipindi kizima. Mkirudi chumbani mpeni mwenzenu ambaye hakuwepo karatasi na kalamu, asikilize, achore bao lilivyofungwa. Akikwama, rudieni kusikiliza hapo alipokwama. Mtaona mlisahau kusema timu ipi inashambulia lango gani, au mlitaja jina la mchezaji mara 5 bila kusema amesimama wapi.

Matokeo na muda yasemeni mpaka mhisi mnachosha. Marekani kulikuwa na mtangazaji wa besiboli, Red Barber, aliyekuwa akiweka mbele yake saa ya mchanga ya dakika 3. Mchanga ukiisha anataja matokeo na kuigeuza. Kuna watu wanafungua redio kila dakika. Na matokeo peke yake wakati mwingine hayatoshi. Kumbukeni fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023. Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, lakini kombe likabaki Algeria kwa sababu USM Alger walifunga mabao mengi zaidi ugenini. Msikilizaji ambaye hakuelezwa hesabu hiyo mapema angeshangilia kombe ambalo halikuwa letu.

Hapo ndipo naipenda elimu ya chuo, na sikubaliani na wenzangu wanaosema kipaji kinatosha. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinadai elimu na ithibati, hilo mnalijua. Mimi naitazama miaka yenu mitatu kwa jicho jingine: ni muda wa kusoma ambao hamtaupata tena mkishaajiriwa. Someni sheria zote 17 za soka, na mzirudie kila mwaka, maana zinabadilika. Tangu Julai 2025 kipa akiukalia mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona. Mtangazaji asiyejua hilo atamlaumu mwamuzi hewani, na mtaa mzima utaamini mwamuzi kahongwa.

Na someni michezo mingine, nawasihi. Tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walikimbia marathoni nzima na wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua, tofauti ikiwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Wangapi kati yenu mngeweza kuzitangaza mita 100 za mwisho zile, mkajua Simbu alishapata shaba London 2017? Mngeweza kumweleza kijana wa leo kwa nini Filbert Bayi alishangaza dunia Christchurch Februari 1974, alipoongoza mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2? Nchi iliyozaa watu hawa inastahili watangazaji wanaojua zaidi ya Simba na Yanga.

Mwaka 2025 ulituondolea watangazaji wakubwa wawili, Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wetu. Kokote mtakapopata sauti zao, sikilizeni kwa makini, lakini msiwaige. Angalieni wanavyovuta pumzi, wanavyoacha uwanja useme wenyewe baada ya bao, wanavyopanda polepole hata shangwe inapofika bado wana pa kupandia. Wengi wenu mnaanza juu kabisa dakika ya kwanza, na bao likiingia hamna kilichobaki ila kupiga yowe.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Najua mnavyoajiriwa. Mtaambiwa mjitolee, miezi itapita bila posho ya nauli, na katika njaa hiyo kiongozi wa klabu atawapa bahasha "ya maji". Siwahubirii mkiwa na njaa. Nawaambia mjipatie ujuzi wa pili mkiwa bado chuoni: kuhariri sauti na video, kutunza takwimu, kurusha matangazo ya ligi ndogo kwa simu. Mwenye kazi nyingine ya halali ana nguvu ya kuirudisha bahasha. Kuwa na timu mnayoipenda si kosa, kila mtu anayo. Kosa ni kuacha kusema mlichokiona kwa sababu timu yenu ndiyo iliyocheza rafu. Na anayetaka kuwa msemaji wa klabu akawe, ni kazi ya heshima, ila asiifanye akiwa ameshika maikrofoni yetu.

Mabinti, ninyi nawataka uwanjani. Naona mnapangiwa kusoma habari za michezo studio na kuhoji mashabiki getini, huku mechi wanatangaza wavulana. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India 2022, wakiwafunga Ufaransa njiani. Ombeni mechi nzima, mwanzo hadi mwisho, na walimu wenu nawaomba wawape.

AFCON 2027 ni ya Kenya, Uganda na sisi. Timu 24, mamia ya majina ya Kiarabu, Kireno, Kifaransa na ya makabila msiyoyajua. Fungueni daftari leo. Kila mchezaji mpeni mstari wake: namba, klabu, mguu anaoutumia, na jina lake mliandike kwa silabi kama linavyotamkwa. Siku moja kabla ya mechi, mtafuteni mwandishi wa habari wa nchi hiyo hotelini au mazoezini, msomeeni orodha nzima, awasahihishe. Atafurahi kuulizwa. Naye mwombeni orodha yake, mumsaidie majina ya kwetu.

Mzee wenu,
mtangazaji mstaafu, Dar es Salaam