Barua kwa mwanangu kabla ya Haridwar

Mwanangu,

Jana kwenye simu umesema ukifika Delhi utaanzia Agra, na Haridwar “tukijaaliwa.” Sikulala. Haridwar, mji wetu mtakatifu sisi Wahindu, ni kama kilomita 200 tu kutoka Delhi. Nenda, mama.

Ukifika Har Ki Pauri, pale ngazi zinaposhuka hadi kwenye mto Ganga, ulizia panda, yaani kuhani anayetunza vitabu vya koo za watu wa kijiji chetu cha asili. Atakuuliza ukoo, kisha atashusha kitabu kirefu chembamba, kimekunjwa na kufungwa uzi. Wazee wetu wamo: kila aliyefika aliandikisha waliozaliwa, waliooa, waliokufa. Hati za mwanzo hutaweza kuzisoma. Mwombe akusomee polepole, na usimwache mikono mitupu, hiyo ndiyo riziki yake.

Hapa Kisumu sisi Wahindi sote twasema tulikuja na reli. Reli ilijengwa 1896 hadi 1901, vibarua kutoka India walikaribia 32,000, na waliobaki hawakufika 7,000. Hatuwezi sote kuwa wajukuu wa hao. Tazama babu wa babu yako alikuwa wapi miaka ile. Kama alikuja baadaye kuuza dukani, niambie hivyo hivyo.

Watakusimulia pia mfalme Bhagiratha wa hadithi za kale alivyoiteremsha Ganga kutoka mbinguni ili majivu ya wazee wake 60,000 yapate kutulia. Sikiliza hadi mwisho. Una haraka, wewe, ingawa haraka hiyo ndiyo iliyokupatia nafasi ya masomo, na mtaa mzima nimeshautangazia.

Jina la shangazi yako halimo kitabuni. Tulipopeleka majivu ya babu, mimi ndiye niliyeshika kalamu. Nilipomaliza kuandika ndugu zangu wa kiume panda akauliza, “Wamekwisha?” Nikasema wamekwisha. Babu hakumtaka yule mume, lakini babu alikuwa ameshakufa. Sasa shangazi anaumwa, na bado hututumia maembe kila msimu. Mwandike. Mwandike na mumewe na watoto wote watatu, majina yao yapo nyuma ya karatasi hii. Halafu jina lako.

Kifurushi kinakuja na basi la usiku. Achari ni ya maembe yake. Mama yako ameifunga nailoni mbili, usiiweke karibu na nguo. Fundi wa tanki hajarudi, tunateka kwa jirani. Chaja yako uliisahau jikoni, nimeitia humo humo.

Beba kalamu yako mwenyewe, ya wino mweusi. Ukishaandika, piga picha ukurasa huo unitumie siku hiyo hiyo, nimpelekee shangazi auone.

Baba yako