Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Tanga

Yah: Kijana wetu na mpira wa kifuani

Ndugu Afisa Michezo,

Assalaam aleikum, na pole kwa majukumu. Mimi ni mkazi wa Ngamiani. Enzi zangu nilikuwa mlinda wiketi, yule anayesimama nyuma ya vijiti anavyovilinda mpigaji ili adake mipira, na kwa miaka sasa jioni zangu zinaishia kuwarushia watoto mipira ya kriketi. Sina cheo katika chama wala klabu yoyote. Nakuandikia hadharani na si kwa bahasha, kwa sababu maneno ninayotaka kuyajibu yanasemwa hadharani: kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala, hata msibani. Yote yanamhusu kijana mmoja aliyeitwa timu ya taifa, akarudi.

Simtaji jina. Ana mama yake, na ana heshima yake. Itoshe kusema anapiga kwa mkono wa kushoto, na kwamba sijaona hapa Tanga mtu anayeupiga mpira vile. Alijifunzia uchochoroni, wiketi ikiwa ndoo iliyopinduliwa juu ya tofali, mpira ukiwa wa tenisi uliozungushiwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Alipofika kwetu akakutana na mpira halisi wa ngozi, hakubadilika. Mrushaji akianza tu kukimbia, mguu wake wa mbele ulishaondoka. Mpira ukitua, gongo lilishafika. Watoto waliokuwa wakicheza pembeni waliacha yao wakaja kutazama. Nawe ungekuwepo ungeacha yako.

Akaitwa. Tulimsindikiza stendi, tukiwa wengi kama tunaopeleka bwana harusi. Akacheza mechi chache dhidi ya timu za nje, na katika hizo hakuna hata moja aliyokaa wiketini ova tano (ova moja ni mipira sita). Akaachwa. Vijiweni hukumu imeshapita: kavimba kichwa, kaharibiwa na Dar, alikuwa bingwa wa uchochoroni tu. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu wa "waja leo waondoka leo", na wapo wanaoutumia juu yake wakicheka. Mimi sicheki.

Wiki aliyorudi nilikwenda kwao. Hakutaka kuzungumza mpaka mama yake alipotoka kwenda dukani. Ndipo akanyanyua fulana. Chini ya kwapa la kulia palikuwa na doa la duara, zambarau katikati na manjano pembezoni, na ukilitazama vizuri unaiona mistari midogo ya mshono wa mpira imejichora kwenye ngozi. "Ami," akaniambia, "wa kwanza sikuuona. Niliusikia tu ukipita sikioni. Wa pili ndio huu. Wa tatu nikasema lazima niupige."

Wa tatu ndio aliodakwa, na ukidakwa umetolewa.

Ndugu Afisa, ugonjwa wote umo katika maneno hayo ya mwisho, na si ugonjwa wake. Ni wetu sisi tuliomlea. Hakuna hata mmoja kati yetu, nikianza na mimi, aliyewahi kumfundisha kwamba upo mpira wa kuuacha upite.

Naomba unistahimili nieleze, maana najua meza yako imejaa mpira wa miguu, na si kosa lako. Huu ni mkoa wa Coastal Union na African Sports. Kutoka wiketi hadi wiketi ni yadi 22, kama mita 20. Mrushaji wa kasi wa kimataifa anauachia mpira kwa kilomita 135 hadi 140 kwa saa. Mpaka umfikie mpigaji inapita kama nusu sekunde. Ndani ya nusu sekunde hiyo aone mpira unatua wapi, aamue mguu uende mbele au urudi nyuma, na kama ni mfupi unaopanda kifuani, aamue kuinama, kuyumba au kushusha mikono. Muda wa kufikiri haupo. Unaofikiri ni mwili, na mwili hufikiri kwa yale uliyoyazoea.

Mwili wa kijana wetu ulizoea nini? Mpira wa tenisi wenye gramu 58 hivi, wakati wa ngozi una gramu 156 hadi 163. Wa tenisi ukikupata kifuani unacheka, unaendelea. Ulizoea zulia lililotandikwa juu ya saruji, ambako mpira unapanda kimo kilekile kila siku ya Mungu, hauchepuki wala hausiti, hivyo mguu unaweza kuondoka mapema na usiadhibiwe. Kwenye pichi ya nyasi, yaani ule ukanda wa katikati ya uwanja kati ya wiketi mbili, mpira huohuo ukitua juu ya mshono unaingia ndani au unatoka nje, na mguu ulioondoka mapema hauna pa kurudi. Ulizoea warushaji wetu, vijana wenye bidii, lakini aliye na kasi kuliko wote hafiki hata karibu na hiyo 135. Na ulizoea makofi. Akipiga sita, mpira ukavuka mpaka wa uwanja bila kutua, tunaruka; akiuacha mpira mzuri ukapita, kuna mtu pembeni atamfokea, "Piga bwana!" Mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi.

Haya hayakuanzia Tanga. Mwezi Februari 1988, kwenye uwanja wa Azad Maidan, Mumbai, wanafunzi wawili wa shule moja walikaa wiketini pamoja wakafunga mikimbio (ndizo alama za kriketi) 664 bila kutolewa. Mmoja alifunga 326. Huyo ni Sachin Tendulkar, na habari zake dunia nzima inazijua. Mwenzake alifunga 349. Anaitwa Vinod Kambli, mpigaji wa kushoto kama wetu, na waliowaona wote wawili wakiwa watoto wapo waliosema Kambli ndiye mwenye kipaji zaidi. Mwaka 1993 alifunga 224 dhidi ya Uingereza, mechi iliyofuata ya Testi (ndizo mechi za kimataifa za siku tano) akafunga 227 dhidi ya Zimbabwe, kisha mamia mawili mengine, yaani zamu mbili za kufikisha mikimbio mia au zaidi, kule Sri Lanka. Alifikisha mikimbio 1,000 ya Testi katika zamu 14 tu, upesi kuliko Mhindi yeyote kabla yake.

Mechi yake ya mwisho ya Testi ilikuwa Novemba 1995. Alikuwa hajatimiza miaka 24. Alicheza Testi 17 na wastani wake ni 54.20, wastani ambao wakongwe wengi waliocheza mara mia hawakuufikia.

Kilichotokea katikati watu wamekisimulia kwa namna nyingi. Wengine wanataja nidhamu, wengine majeraha, na mimi sikuwepo niwe hakimu. Lakini mamia yake yote manne aliyapata Mumbai, Delhi na Colombo, kwenye viwanja vinavyowapendelea warushaji wa polepole wanaouzungusha mpira, ambako mpira hauruki sana. Mwishoni mwa 1994 wakaja West Indies na mrushaji wao wa kasi, Courtney Walsh. Walsh hakumzungushia mpira, alimpandishia kifuani, akarudia, akarudia tena. Na timu nyingine zilikuwa zinatazama. Katika ngazi ile siri ya mpigaji haikai. Ukionekana kidonda chako leo, kesho kila mrushaji anakirushia chumvi.

Yupo na Graeme Hick, mtoto wa hapa hapa Afrika, mzaliwa wa Zimbabwe ya leo. Mwaka 1988 alifunga 405 bila kutolewa katika mechi moja ya majimbo kule Taunton, Uingereza, na mpaka anastaafu alikuwa na mamia 136 katika kriketi ya daraja la kwanza. Alingoja miaka saba apate haki ya kuichezea Uingereza. Siku ilipofika mwaka 1991, waliokuwa wanamsubiri ni warushaji wa kasi wa West Indies: Ambrose, Marshall na yuleyule Walsh. Katika Testi 65 wastani wake ulibaki 31. Na kuna jambo moja kumhusu linaniuma hadi leo: Januari 1995, kule Sydney, akiwa amebakiza mikimbio miwili kufika mia, nahodha wake aliifunga zamu ya timu, yaani aliamua wapigaji wake waishie hapo. Akatoka uwanjani na 98. Nahodha alikuwa na hesabu zake za muda, sawa. Lakini mtu aliyekuwa akihangaika miaka minne kuamini kwamba mahali pale ni pake, unamtoa na 98?

Nalisema hili kwa makusudi, maana kasi ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni namna tunavyowashika vijana hawa. Mpigaji wa kushambulia anakosea mara nyingi kuliko anayejilinda. Ndiyo kazi tuliyompa. Ukimpa mechi tatu tu, mbili atatolewa mapema. Akijua kwamba kosa linalofuata ndiyo nauli ya kurudi nyumbani, atafanya moja kati ya mawili: ataogopa kupiga, au atapiga kila kitu afe mapema yaishe. Wetu alifanya la pili.

Sasa tazama majirani. Novemba 2023, kule Windhoek, Uganda waliifunga Zimbabwe na kufuzu Kombe la Dunia la ova 20. Nilifurahi kama ni sisi. Juni 2024, kule Guyana, waliishinda Papua New Guinea, na hilo hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini dhidi ya Afghanistan walitolewa wote kwa mikimbio 58, dhidi ya West Indies kwa 39, dhidi ya New Zealand kwa 40. Wale ni wapigaji waliokuwa wakituadhibu sisi. Hawakusahau kupiga ndani ya ndege. Walikutana na mipira ambayo nyumbani hakuna wa kuwarushia.

Na zamu yetu inakuja. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Oktoba 2025, kule Harare, wakubwa walifika nusu fainali ya mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia la ova 20, wakazuiwa na Namibia. Tumefika mlangoni. Ndiyo maana naandika sasa.

Ninachokuomba si uwanja wa kimataifa. Kwanza kabisa naomba ukanda mmoja wa pichi ya nyasi, mmoja tu, katika mojawapo ya viwanja vya shule za hapa mjini, na mtu wa kuumwagilia na kuupitishia rola. Udongo wa mfinyanzi tunao, mikono tunayo, wazee wanaojua kuipanda nyasi ile bado wapo hai na wako tayari kufundisha. Kinachotushinda ni kibali, maji, na neno la mkubwa kwamba eneo lile halitageuzwa kuwa sehemu ya kuegesha magari ya sherehe.

La pili ni dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika kwenye barua ya serikali. Kuna fimbo ya plastiki, ndefu kama mkono, mwishoni ina kikombe cha kushika mpira. Kocha akiitumia anaweza, hata mzee kama mimi mwenye bega bovu, kuurusha mpira kwa kasi ambayo hakuna kijana wa Tanga anayeifikia. Timu kubwa zote duniani zinaitumia mazoezini. Mbili zingetosha mkoa mzima. Pamoja nazo, helmeti zenye vyuma vya uso na kinga za kifua za saizi za watoto, kwa sababu siwezi kumpandishia mtoto wa watu mpira wa gramu 160 kifuani akiwa na kofia ya jua.

Mpaka vitakapopatikana hatukukaa bure. Tumeanza kurushia kutoka hatua kumi na sita badala ya yadi 22, na mipira ya tenisi tunailoweka kwenye ndoo ili iteleze kwenye saruji na kuja upesi. Na nimeweka sheria mpya: kwa nusu saa ya kwanza anayeuacha vizuri mpira wa kifuani anapata alama mbili, anayepiga sita hapati kitu. Wiki ya kwanza walinuna. Sasa wanahesabiana.

La tatu ni mechi. Vijana wetu karibu kila wanachocheza ni ova 20, na ukitolewa ova ya pili umekaa chini hadi jioni. Hakuna zamu ya pili ya kurekebisha. Naomba katika kalenda yako ya mkoa uingize mechi za siku mbili kati ya shule, hata nne kwa mwaka, Jumamosi na Jumapili, kila timu ipige mara mbili. Steve Tikolo wa Kenya, aliyewafunga Sri Lanka mikimbio 96 katika Kombe la Dunia la 1996, alicheza pia kriketi ya ndani ya Afrika Kusini, kwa timu ya Border. Alikwenda kuitafuta shida ilipo. Sisi hatuna nauli ya kuwapeleka vijana Afrika Kusini, basi tuwatengenezee shida kidogo hapa hapa.

Na kama ofisi yako inazungumza na wanaochagua timu, naomba uwaambie neno moja kutoka kwetu: kijana wa kushambulia apewe mfululizo wa mechi unaojulikana mapema, sema nane, aambiwe kwa mdomo kwamba hata akifunga sifuri mara tatu bado zimebaki tano. Kisha ahukumiwe.

Tupo mazoezini kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ukitaka kuja, utakaribishwa bila sherehe. Kijana mwenyewe ameanza kurudi. Wiki mbili za mwanzo alikaa tu ukutani. Jumamosi iliyopita alivaa pedi, akasimama hatua kumi na sita, na kati ya mipira ishirini niliyompandishia aliiacha kumi. Huo wa kumi nilidhani ataupiga. Alishusha mikono, akauangalia mpaka ulipompita, akaniambia, "Lete mwingine, ami."

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mlinda wiketi wa zamani,
Ngamiani, Tanga