Pampu ya Pawa Inalia? Usikimbilie Kununua Nyingine

Magari mengi yanayoingia gereji kwetu hapa Mtwara mjini tunayasikia kabla hatujayaona. Dereva anakata kona ya getini, na chini ya boneti kunatoka mguno mzito. Akiongeza mafuta, mguno nao unapanda. Akishuka huwa tayari ana jibu: "Fundi, pampu ya pawa imekufa, nitafutie nyingine."

Huwa tunamwomba asubiri kidogo. Pampu hizi za pawa, zinazolainisha usukani, zinakufa kweli, hatukatai. Lakini kwenye haya magari ya zamani, Corolla, Carina, Mark II, Noah, RAV4 za mwanzo, tumeona mara nyingi kwamba kinacholia ni hewa iliyoingia kwenye oili, na pampu yenyewe bado nzima.

Pampu huzungushwa na mkanda wa injini. Inavuta oili kwenye kikopo, inaisukuma kwa nguvu hadi kwenye reki, chombo kinachogeuza magurudumu ya mbele, ili ikusaidie kuyageuza, kisha oili inarudi kikoponi kuanza safari upya. Oili haikubali kubonyezwa, na ndiyo maana inaweza kusukuma. Hewa inabonyea. Mapovu yakifika ndani ya pampu yanapasuka, unasikia ule mguno, na nguvu iliyotakiwa kufika kwenye reki inapotea njiani. Usukani unakuwa mgumu, au unakuwa mwepesi na mgumu kwa kupokezana ndani ya kona moja.

Hewa inaingilia wapi? Njia ya kwanza ni oili kupungua kikoponi, na hiyo kila dereva anaijua. Njia ya pili ndiyo inayowala watu pesa: mpira wa kuvutia, ule unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu, pamoja na oringi yake, yaani pete ya mpira inayoziba maungio. Miaka ikienda na joto la injini likiendelea, mpira unakauka, oringi inakuwa ngumu kama kipande cha plastiki. Upande huu pampu inavuta, haisukumi. Kwa hiyo pakiwa na mwanya mdogo, hewa inaweza kuingia bila oili kudondoka hata tone. Unachungulia chini ya gari, pakavu, unasema hakuna kinachovuja, basi ni pampu.

Na sisi tumewahi kuliingia shimo hilo. Mzee mmoja wa Mikindani alituletea Carina yake inalia, tukamfungia pampu ya mtumba. Baada ya siku mbili akarudi na mlio uleule. Tatizo lilikuwa oringi, kitu kidogo kuliko pete ya kidoleni. Tulimrudishia pesa yake ya ufundi na tukamwomba radhi, na tangu siku hiyo hatufungui pampu ya mtu kabla ya kukagua upande wa kuvutia.

Unaweza kuanza ukaguzi mwenyewe nyumbani. Tembeza gari hadi lipate moto, liegeshe mahali tambarare, nyoosha usukani, acha injini ikinguruma. Fungua kikopo utazame oili. Ikiwa na povu, au wekundu wake umefifia ukawa kama maziwa yaliyotiwa rangi, hewa imo. Weka alama ya usawa wa oili kwa kidole au kalamu, zima injini, tazama tena. Oili ikipanda zaidi ya milimita 5 hivi, ni dalili kwamba kuna hewa iliyokuwa imebanwa ndani na sasa inatanuka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Chujio dogo lililo ndani ya vikopo vingi huenda limeziba pia, na pampu inayonyonya kupitia chujio lililoziba hulia vilevile.

Mlio wa mkanda ni tofauti. Huo ni mkali, kama filimbi, hutokea ghafla ukikata usukani hadi mwisho wakati wa kuegesha, na hukoma ukiuachia kidogo. Mkanda umelegea au umepata oili. Gharama yake ni ndogo. Na tafadhali usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde 5, kwa sababu hapo pampu inasukuma kwa nguvu zake zote na oili inachemka.

Kama usukani ni mgumu lakini kimya, tunaanza na upepo wa matairi ya mbele, tukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kisha tunainua mbele kwa jeki na stendi, injini imezimwa, tunageuza kwa mkono. Ukikwama mahali fulani, pawa haihusiki: ni viungo vya magurudumu ya mbele (boljointi au tairodi), au krosi, yaani kiungo cha shafti ya usukani, iliyoshika kutu. Magari yanayolala karibu na bahari, kama ya wenzetu wa Shangani, tunayatazama zaidi sehemu hiyo. Ukiwa mgumu upande mmoja tu, tunashuku reki.

Kuhusu oili, hapa tunasema bila kuficha kwa sababu tumeona reki zikiharibika. Toyota nyingi za zama hizo zinatumia ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ya daraja la Dexron II au III. Honda wana oili yao ya pawa. Soma mfuniko wa kikopo. Usitie oili ya breki hata kama umekwama Tandahimba usiku na ndiyo pekee iliyopo dukani: inavimbisha sili, yaani raba za kuziba, za pampu na reki, na baada ya wiki chache kila kiungo kinavuja. Na ule mpira wa kusukuma, unaotoka pampu kwenda reki, haufungwi kwa raba ya baiskeli wala kwa klipu za mpira wa maji. Ndani yake mna mgandamizo wa bar 60 hadi 80 ukikata usukani hadi mwisho. Ukipasuka, oili inaweza kurukia ekzosi yenye moto na kuwaka.

Wenye IST na Passo, pawa yenu ni ya umeme, haina oili. Usukani ukiwa mgumu ghafla na taa ikawaka kwenye dashibodi, tunapima betri, alteneta na fyuzi kwanza.

Tukishapata mahali hewa inapoingilia, tunabadilisha mpira au oringi, tunasafisha kikopo, tunatia oili mpya. Kisha tunatoa hewa: magurudumu ya mbele yakiwa juu na injini imezimwa, tunazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi, tukiongeza oili inaposhuka. Hatuwashi injini mapema, kwa sababu pampu ingeyapiga mapovu yakawa madogo zaidi na kukataa kutoka. Kazi hii inataka subira, na gari linaweza kukaa kwetu nusu siku. Kama baada ya hapo pampu bado inalia, ndipo tunakuambia ununue nyingine, na ya zamani tunakukabidhi mkononi.

Kuna ugumu mmoja hatuwezi kuupima ukituletea gari mchana: ule wa asubuhi, unaoisha baada ya kilomita moja au mbili. Mara nyingi hizo ni sili za ndani ya reki zilizolika, ambazo zinashika tena oili ikipata moto. Gari la namna hiyo lilete jioni, lilale hapa, tuliwashe wenyewe alfajiri likiwa limepoa kabisa.